Neno la Kwenye Jiwe

"Baba, umefika wapi?" binti aliuliza akiwa bado mlangoni, kiganja puani kwa sababu ya vumbi.

"Herufi ya tano," alijibu mchonga mawe bila kuinua kichwa. "Huyo kaka yako hakuona neno fupi kuliko hili? Litanimalizia jiwe."

Lilikuwa jiwe la kaburi la mkewe, na kesho asubuhi lilitakiwa kusimikwa. Jina alikwisha kulichonga. Chini ya jina, watoto walikubaliana liwekwe neno moja la Kiingereza, indefatigable, alilolichagua kaka mtu huko alikohamia. Mzee alilinakili kutoka kwenye karatasi kama alivyonakili maneno ya wateja maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa mkono usitetemeke. Maana waliijua wafiwa wenyewe. Leo mfiwa alikuwa yeye, na jambo hilo lilimjia ghafla, patasi ikiwa hewani.

"Hivi linasemaje?"

Binti akachangamka, mwalimu yule. "Ni neno zuri, Baba. Halitumiwi ovyo, wala haambiwi mtu wa hivi hivi tu. Ni mtu asiyechoka. Mtwishe utakacho, hachoki. Si ndiye Mama kabisa?"

Mzee akaitua patasi. Kwenye kona ya karakana palikuwa na ndoo iliyopinduliwa. Hapo ndipo mkewe alipokuwa akiketi, kopo mkononi, akilimwagia maji jiwe wakati yeye analisugua, ili vumbi lisiruke. Alifanya hivyo tangu ujauzito wa binti huyu huyu. Jioni alijipangusa mikono, akaenda kuanza kazi za nyumbani.

"Alikuwa anachoka," mzee alisema.

"Mwishoni, ndiyo. Ule ugonjwa..."

"Achana na ugonjwa. Alikuwa akiniambia. 'Baba Watoto, leo nimechoka.' Namjibu, mwagia hili moja tu tumalize. Likiisha hilo, navuta jingine." Akaitazama ile ndoo. "Aliniambia mpaka akaacha kuniambia. Nami nikafurahi, mwanangu. Nikadhani amezoea."

Binti akasema polepole, "Kila likizo nilikuwa namwachia wanangu. Hakuwahi kulalamika."

"Ulimuuliza?"

Binti aliinama, akaanza kuokota vipande vya mawe sakafuni, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

"Kaka atakasirika," alisema baadaye.

"Akasirike. Sitamchongea mama yenu uongo, nikaja kulala karibu yake."

Lakini herufi tano zilizozama kwenye jiwe hazifutiki kwa kitambaa. Ilibidi sehemu yote chini ya jina isuguliwe mpaka ishuke hadi kwenye kina cha herufi, nayo ni kazi ya kuvunja mgongo. Mzee akashika jiwe la kusugulia, akapiga magoti, na kabla hajafikiri, neno likamtoka mdomoni: "Maji."

Wote wawili wakaganda. Kisha binti akavua viatu vyake vya kazini, akaketi kwenye ndoo na kuchukua kopo.

Mzee alisugua, binti akamwagia. Maji yalitiririka meupe kama uji mwepesi, na sketi yake ikalowa mpaka magotini. Jua lilihama kutoka dirishani. Herufi zilikuwa zimefifia kidogo tu. Mzee alimwona binti akihamisha kopo mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kulishika kwa mikono yote miwili, kimyakimya, asionekane.

"Umechoka?"

"Hapana, Baba. Endelea tu."

Jibu hilo alilijua. Alilijua hata namna lilivyotamkwa, macho yakiangalia pembeni.

"Nakuuliza kweli, mama."

Binti akaliweka kopo mapajani. "Nimechoka," alisema, na machozi yakamtoka.

Mzee akaweka chini jiwe la kusugulia. Akamtoa binti kopo mikononi, akaketi kwenye sakafu yenye maji, bega lake kwenye goti la mwanawe, wala hakusema wamalizie. Mbele yao jiwe lilianza kukauka, na kadiri lilivyokauka, zile herufi tano zikaanza kuonekana tena.