Maua Yaliyotoka Stooni

Kitu cha kwanza alichokiona Sephora ni kwamba maji ya ndoo ya deki yalikuwa na rangi ya waridi. Alikuwa amepiga deki stoo tu, mahali anapolala, na humo hakuna kitu cha kutoa rangi. Alimwaga maji yale, akajaza mengine. Aliporudi, aliona tawi limetoka ukutani, kati ya masanduku ya Maman Berthe na pasi mbovu.

Kufika Jumapili mti mzima ulikuwa umetanda juu ya godoro lake, umejaa maua ya cheri hadi kwenye balbu. Stoo hiyo haina dirisha.

Chini barabarani miti ya cheri imepangwa pande zote mbili, na kila masika watu huja Brussels na mabegi ya magurudumu kuitazama. Mwaka huu ilibaki mitupu kama mifagio. Maua yote yalikuwa ghorofa ya tatu, kwa Maman Berthe.

"Bon," alisema tonton Donatien, mume wa Maman Berthe, akichungulia na kijiko mkononi. "Muti iko bila kinywa. Ibakie."

Maman Berthe alikuwa anafikiria vikombe vyake vya wageni, ambavyo havikuwa vimetoka kabatini tangu Pasaka.

Maman Berthe ni dada mkubwa wa mama yake Sephora. Alimchukua kutoka Likasi, Kongo, kabla hajamaliza darasa la nne, akaahidi kumsomesha Ulaya. Walipofika alisema shule inataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka mtu aandikishwe kwenye anwani. Na kuandikishwa kunataka mwenye nyumba aseme wazi kwamba mtu huyu anakaa kwake. Hapo Maman Berthe alipata neno.

"Huyu ni mugeni wetu," aliwaambia majirani na wanakwaya wenzake wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapo Brussels.

Ni neno la heshima, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Mgeni alipika. Mgeni alifua, akapiga pasi mashati ya tonton, akasugua choo. Mgeni alifika akiwa mtoto, akaota matiti na jino la mwisho humo humo stooni, na bado alikuwa amefika jana.

Basi wakaanza kuja wageni wa aina nyingine. Simu zao zilikuwa zimewaelekeza mahali pa kuona maua ya cheri wakiwa safarini. Zilipowafikisha kwenye mifagio ile, walifuata petali zilizokuwa zikishuka ngazi, wakapanda hadi mlangoni. Walikuwa wametoka Bonn, na kabla ya hapo Paris. Kila mji walikuwa wameona maua yaleyale, na kila mji walikuwa wametoa pumzi ileile. Walivua viatu bila kuambiwa, wakamwinamia Maman Berthe kama vile yeye ndiye aliyeupanda mti. Mmoja alisema maua ya Bonn ni mazito zaidi. Mwingine alikaa juu ya godoro la Sephora, akafumba macho ili asikie utulivu. Hawakuuliza godoro linafanya nini pale.

"Sephora, ondosha matelas," alisema Maman Berthe. "Bageni banakuya, na ile kitu iko naharibu photo."

"Niweke wapi, maman?"

"Ku baignoire. Iko murefu, utanyoosha miguu."

Sephora akahamia kwenye beseni la kuogea. Asubuhi, kabla tonton hajaoga, alilikunja godoro na kulisimamisha nyuma ya mlango wa bafu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Sephora alimngoja. Katika mji huu, mtu akitaka kuandikishwa, ajenti wa mtaa, yaani polisi wa eneo, hugonga mlango aone kama kweli anakaa hapo. Hutazama kitanda, nguo, mswaki. Sephora alisikia habari hiyo kwa wanawake wa saluni, akaitunza. Mswaki wake aliuweka mahali unapoonekana.

Masika hayo ajenti aligonga. Jirani wa chini alikuwa amelalamika kuhusu viatu vilivyojaa kwenye ngazi. Ajenti alisimama chini ya mti, akakung'uta petali begani, akasema viatu viingizwe ndani. Kisha akamwona Sephora kando ya kabati.

"Na mademoiselle anakaa hapa?"

Sephora alifungua mdomo. Maman Berthe alijibu kwanza.

"Huyu? Hapana, monsieur. Ni mgeni wetu."

Ajenti alitazama stoo. Palikuwa na mti, masanduku na pasi. Hakuona mahali pa mtu kulala. Alimtakia Sephora safari njema ya kurudi, akashuka.

"Ulitaka kusema nini pale, na kinywa wazi kama samaki?" aliuliza Maman Berthe.

"Hakuna, maman."

"Alors, chai."

Kesho yake walikuja mume na mke waliovaa makoti ya rangi moja. Sephora aliingia na sinia. Yule mke aliinua simu, akatabasamu, akampungia mkono asogee kushoto. Sephora akasogea. Akampungia tena. Sephora akasogea tena, hadi mgongo ukagusa fremu ya mlango, na bado kiwiko chake kilikuwa ndani ya picha.

"Toka tu, chérie," alisema Maman Berthe kwa upole ule wa mbele ya watu.

Sephora aliweka sinia sakafuni, juu ya petali.

"Mie si mugeni, maman," alisema. "Ninaikalaka hapa."

Hakuwa amewahi kuyasema hayo kwa sauti, hata akiwa peke yake ndani ya beseni. Mume na mke walimgeukia Maman Berthe, wakangoja.

Maman Berthe aliokota sinia, akawatafsiria kwa Kifaransa kwamba msichana anasema wajisikie nyumbani.

Wakamshukuru sana.