Peni ya Amos

Mume wangu Amos nilimtupa baharini, na sikugeuka hata kutazama alikozamia.

Ndivyo nilivyowaambia wanawake wenzangu katika gereza la Parramatta, huku koloni la ng'ambo, wakacheka mpaka sufu ikawadondoka mikononi. Amos mwenyewe alikuwa hai kule Bristol. Nilichotupa, nikawaeleza, ni ile peni yake, sarafu ya shaba aliyoisugua mpaka sura ya mfalme ikafutika, akachora majina yetu kwa msumari, akanipenyezea kwenye nondo za mahabusu. Kosa langu shuka moja bichi, nililoanua kwenye kamba ya watu. Hukumu: miaka saba ng'ambo. Siku ya hukumu sikulia. Melini sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, unatembea nao, lakini si wako.

Tuliposhushwa nilijiandikisha mjane, maana mjane huolewa, na anayeolewa hutoka gerezani.

"Mchumba wa kwanza kuniangushia leso," nilijigamba, "nitaidaka kabla haijagusa chini."

"Hata akiwa kibogoyo?" aliuliza Dorcas Pym, niliyelala naye ubao mmoja tangu melini.

"Kibogoyo ndiye mzuri, shoga. Hang'ati."

Ikafika Jumatatu ya wachumba, siku wanaume wa nje wanapoingia gerezani kuchagua wake. Tukapangwa uani, kofia nyeupe, macho mbele. Mchunga kondoo mmoja, mzee mwenye haya, akapita mstari mzima, kisha akarudi. Leso yake ya buluu ikaanguka mbele ya viatu vyangu. Kuiokota ndiyo kukubali. Hakuna neno linalosemwa. Nyuma yake lango lilikuwa wazi, na nje niliona mkokoteni, na farasi akitafuna.

Nilisimama tu. Mzee akangoja, akakohoa, akainama mwenyewe, akaikung'uta vumbi kwa adabu. Alipoiangusha tena ilikuwa mbele ya msichana wa Cork, naye akaidaka. Lango likafungwa.

Jioni, tukichambua sufu, wakanigeukia.

"Vipi, mdakaji?"

"Jua lilinipiga machoni," nikasema. "Hata sikuiona."

Wakacheka. Dorcas hakucheka. Alingoja kelele zipungue, akasema bila kuinua uso:

"Uliiona, Keziah. Mkono ulianza kushuka. Ukaishia kwenye pindo la gauni, ukashika kitu kidogo cha duara kilichoshonwa humo, ukaganda hapo hapo."

Nikatazama chini. Mkono ulikuwa bado pale.