Foleni ya Mbweha

Miaka ishirini na saba Bi Mwanamvua alikaa dirishani katika hospitali ya serikali akiandika majina ya wagonjwa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemtukania mama yake. Alistaafu mwaka tisini na mbili. Wakati huo serikali ilikuwa imewaruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati, na tabibu mmoja aitwaye Nikodemo akafungua yake Chang'ombe ya Dodoma, vyumba viwili na baraza. Akamwomba Bi Mwanamvua aje asimamie foleni. Siku ya tatu tu, mama yake alitukanwa mara mbili kabla ya saa nne asubuhi.

Kisa kilikuwa namba. Bi Mwanamvua alikuwa amekata vipande vya boksi la sabuni, akaviandika moja hadi ishirini kwa kalamu ya wino. Watu wa Chang'ombe nao wakaenda majumbani mwao, wakakata maboksi yao. Alhamisi ile walikuwapo wagonjwa watano wenye namba moja, na wa sita ameshika sifuri, anadai yeye ni kabla ya wote.

Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Dodoma haina adabu. Jumamosi Bi Mwanamvua akaenda soko la Sabasaba, akachambua mitumba mpaka akapata koti zito la kijivu. Alipolivaa nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu, akasikia kitu kigumu ndani ya bitana. Akafumua uzi kwa wembe. Kikadondoka kifurushi cha kadi, kubwa kuliko karata za kuchezea, zenye kingo za rangi ya dhahabu, na kila moja ina picha.

Akazipanga mkekani. Palikuwa na mtu mwenye kichwa cha tembo, amempanda panya. Palikuwa na mwanamke mwenye nyoka mahali pa nywele. Mwanamume mmoja alining'inia mtini kwa mguu, kunguru wawili wakimtazama, uso wake umetulia kama anayesubiri chai. Ilikuwa kana kwamba miungu ya dunia nzima imeitwa kupiga picha za vitambulisho.

"Astaghafirullah," akasema, akazigeuza kifudifudi. Halafu akazifunua tena, maana jicho lake lilikuwa limeona kitu. Ishirini na moja kati ya hizo zilikuwa na namba za Kirumi, kama zile za saa ya ukutani. Hakuna mtu Chang'ombe nzima ambaye angeweza kughushi kadi kama hizi. Akajiambia kwamba hakuna anayesujudia namba ya foleni, akazitia ishirini na moja hizo mkobani, nyingine akaziweka kabatini.

Kadi moja tu alifikiri itamletea balaa: ya kumi na tatu. Ilikuwa na mtu mwenye kichwa cha mbweha, ameshika mizani, na chini ya miguu yake makaburi yamejipanga. Akaitia kwenye droo ya meza yake, chini kabisa.

Jumatatu akaita, "Namba nne!" Watu wakageuza kadi zao juu chini; wengi waliona fito tu. Akaita tena, "Mwenye mfalme wa kondoo dume!" Mzee mmoja akainuka, akaingia. Tangu hapo akawa anawaita kwa picha. "Mwenye tembo! Mwenye mwezi na mbwa wawili! Aliyening'inia, zamu yako!" Na foleni ikanyooka.

Lakini mtu akikaa na picha mikononi saa mbili nzima, ataitazama. Wagonjwa wakaanza kujiona humo. Mama mmoja, ambaye miezi sita akiulizwa anaumwa wapi hujibu "mwili wote," aliingia kwa Nikodemo akaweka mezani picha ya mnara uliopigwa radi, watu wawili wanaanguka.

"Hivi," akasema. "Hapa juu, kila asubuhi. Na hawa wawili wanashukia shingoni."

Nikodemo alikuwa na diploma yake ukutani na hakupenda mchezo. Hata hivyo alikiri kwamba hajawahi kuelezwa kipandauso vizuri namna ile.

Mambo yalikwenda hivyo wiki mbili, hadi alipokuja Mwalimu Sostenes, mwalimu wa hesabu, na kikohozi chake. Alipokea kadi, akaitazama, akasimama akawahesabu watu waliomtangulia kwa kidole. Akarudi dirishani.

"Bi Mwanamvua, hii imeandikwa kumi na nne."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbele yangu wako kumi na wawili. Kwa hiyo mimi ni wa kumi na tatu. Kadi yangu iko wapi?"

"Imepotea."

"Ilipoteaje wakati nyingine zote ziko safi?"

Baraza zima likageuka. Bi Mwanamvua hakuwa mwongo mzuri, akafungua droo. Kadi ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeyaona makaburi akaitoa haraka kwa jirani yake. Ilipomfikia Mwalimu Sostenes, akaivua miwani yake, akaivaa, kisha akaondoka mahali pake akaenda kukaa nyuma ya watu wote.

Hapo aliyemfuata akawa wa kumi na tatu. Naye akainuka, akaenda nyuma ya Mwalimu. Anayefuata vilevile. Foleni ikaendelea kujikimbia yenyewe namna hiyo, ikatoka barazani, ikapita geti, ikafika kwenye banda la fundi baiskeli ng'ambo ya barabara. Nafasi ya kumi na tatu ikabaki tupu kama kiti cha mgeni rasmi aliyechelewa.

Ndipo alipoingia mzee mmoja amejishikiza kwa fimbo, mguu umefungwa kitambaa. Jina lake Sebastiani. Alikuwa ametoka kijiji cha Kwa Mtoro na lori la mahindi, na donda lake lilikuwa na miezi mitatu.

"Hapa hakuna mtu?" akauliza.

"Hakuna, mzee wangu, shikamoo," akajibu Bi Mwanamvua. "Lakini pana kadi mbaya."

Mzee akaichukua, akaisogeza machoni. "Huyu mbweha."

"Ni mauti hayo, mzee!" Mwalimu akapaza sauti kutoka kwenye banda la baiskeli.

"Mbweha," mzee akarudia taratibu. "Namfahamu. Amekula mbuzi wangu saba. Kwetu ana jina lake." Akalitaja kwa lugha ya kwao, na katikati ya jina ulimi wake ukalia kwa mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjika. "Leo nimemshika mimi." Akakaa.

Sebastiani alisafishwa donda, akapigwa sindano za penisilini, akafikia kwa mpwa wake Chang'ombe ili arudi kila baada ya siku mbili. Kila aliporudi aliomba mbweha wake. Wiki ya tatu aliiacha fimbo nyumbani. Nikodemo alisema ni penisilini. Baraza likasema ni mbweha.

Kuanzia hapo kila mtu alitaka kuwa wa kumi na tatu. Watu walikaa barabarani wakijifunza kulitaja lile jina, wakigonga ndimi zao mpaka Nikodemo akadhani mtaa umeingiwa na ugonjwa wa makoo, akawachungulia midomo kwa tochi. Shida ni kwamba hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza, wala wa tano, wala wa kumi na moja.

"Leo hawajaja?" Nikodemo aliuliza siku moja, ameketi peke yake na kipimo chake shingoni.

"Wako arobaini, Daktari. Wanasubiri kumi na wawili waje."

Bi Mwanamvua akajaribu kurudisha vipande vya boksi. Wakamcheka. "Unataka kutuponya kwa sabuni?" Akajaribu kuificha tena ile kadi, wakamkalia dirishani mpaka akaitoa. Mwishowe wenyewe wakapata dawa: kila aliyetaka mbweha aliwaleta ndugu na majirani kumi na wawili wazima, wakae mbele yake.

Hivyo ndivyo alivyokuja Shakila. Shakila alikuwa dada wa marehemu mume wa Bi Mwanamvua, na wifi hawa wawili walikuwa hawajazungumza vizuri tangu msiba. Aliletwa na jirani yake mwenye baridi yabisi, akapewa namba saba, akaketi na ungo wake wa mchele akichambua chuya.

"Na wewe unaumwa nini?" Bi Mwanamvua akamuuliza.

"Mimi? Siumwi kitu. Nimekuja kujaza nafasi. Kwani wewe unaona nina ugonjwa?"

"Nimeuliza tu, wifi."

"Basi usiniombee mabaya."

Wale wazima Nikodemo alikuwa akiwapitisha bila kuwagusa. Siku hiyo, kwa kuchoka kukaa bure, akamfunga Shakila kipimo cha presha mkononi. Akapuliza. Akatazama. Akakihamishia mkono wa pili, akapuliza tena. Kisha akatoka mbio hadi dirishani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Bi Mwanamvua, tafuta gari. Sasa hivi. Huyu mama anatembea na bomu."

Bi Mwanamvua aliliacha dirisha lake likiwa na watu kwa mara ya kwanza maishani. Pikapu ya muuza saruji ikawabeba nyuma, Shakila amelala kwenye mifuko, kichwa mapajani mwa wifi yake. Njiani mdomo wake ukaanza kupinda.

"Wifi," akasema kwa taabu, "mchele wangu."

"Nyamaza. Nitauchambua mimi," Bi Mwanamvua akamwambia, na hapo ndipo machozi yakamtoka, akayafuta kwa ukanda wa lile koti.

Madaktari walisema angechelewa saa moja tu, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Mtaani habari ilifika kwa njia yake: Shakila kaingia kwa Nikodemo mzima, katoka amebebwa. Kesho yake hakuna mzima hata mmoja aliyethubutu kukanyaga baraza lile, na bila wazima hakukuwa na kumi na tatu. Walikuja watu tisa tu, wote wagonjwa kwelikweli. Bi Mwanamvua akawatazama nyuso.

"Nani kafika mwanzo?"

"Mimi," akasema mama mwenye mtoto wa homa, na hakuna aliyebisha.

"Ingia."

Shakila alipotoka hospitali, Bi Mwanamvua alimchukua akakae kwake Kikuyu, mkono wa kushoto bado mzito. Jioni alimpikia ugali na mlenda. Shakila akaonja, akakunja uso.

"Hauna chumvi huu."

"Daktari amekataza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Kaka yangu alikuwa anavumilia mengi," Shakila akasema, akamega tonge jingine.