Kidonge cha Saa Nne

Kiwandani mtu huitwa kwa kile anachoshona. Ndiyo maana mwanamke wa cherehani ya tatu kutoka dirishani aliitwa Kola, na binti aliyekaa kando yake, aliyeunganisha mikono ya mashati, aliitwa Mikono. Mwanzo wa mstari alikuwapo Mkasi, mwanamume mwenye ndevu aliyekata vitambaa. Mwisho wa mstari, kwenye joto na mvuke, alisimama Bibi wa Pasi, ambaye wajukuu wake wawili walikuwa wameshaoa. Shati lilipita mkono kwa mkono kutoka kwa Mkasi hadi kwa Bibi, na mmoja akisimama wote wamesimama. Kwa hiyo msimamizi hakupenda mtu ainuke, hata kama anakwenda chooni.

Asubuhi moja tumbo la Kola lilikuwa limeshafika ukingo wa meza. Ilibidi ashone kwa kunyoosha mikono kama mtu anayeota moto. Kola zikatoka vilevile, zimenyooka, pembe kali, huwezi kujua kuwa aliyezishona kiuno kinamuuma tangu alfajiri.

Kengele ya saa nne ikalia. Toroli la chai likaingia likilialia magurudumu. Ilikuwa chai ya rangi, nzito, kali mpaka meno yanakauka, na ndiyo ilikuwa kitu pekee cha bure katika jengo lile. Mtu aliletewa kikombe papo hapo alipokaa, anywe, arudishe, aendelee. Kola akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa kipande cha kitambaa kilichokunjwa, na ndani ya kitambaa kidonge chekundu. Akakiweka ulimini, akakisukuma kwa funda la chai. Kisha akafumba macho akingoja.

"Kimetulia, dada?" Mikono alimnong'oneza.

"Kinapigapiga kelele. Ngoja." Akameza mate. "Haya, kimenyamaza."

Mtu asidhani lilikuwa jambo dogo. Vidonge vya kuongeza damu vina harufu ya msumari wenye kutu, na tumbo la mjamzito halihitaji kuchokozwa zaidi. Vilimfunga choo. Na choo kilipokuja kilikuwa cheusi kama masizi. Siku ya kwanza alikaa msalani akilia, akijua anakufa, mpaka jirani akamwambia kupitia mlango kuwa ndivyo dawa ilivyo. Mama mkwe naye hakuficha ya moyoni. "Vinamnenepesha mtoto hivyo," alisema. "Atakuwa mkubwa, upasuliwe kama samaki. Sisi tulizaa kwa dawa gani?" Wanawake wengi wa mtaani walichukua pakiti zao kliniki kwa heshima na kuzitumbukiza mtaroni njiani, na ukisikia hayo yote huna haki ya kuwacheka.

Kola alimsikiliza mama mkwe, akasema "ndiyo mama," na akaendelea kumeza. Hakuwa mkaidi. Mimba yake ya kwanza aliibeba huku damu ikiwa kidogo, na siku ya kujifungua hata ile kidogo ikamwagika. Alipozinduka alikuta wanawake wamesimama ukutani hawamtazami, na mtoto hayupo. Tangu siku ile alikuwa na nadhiri moja tu: safari hii ataingia leba na damu ya kutosha watu wawili.

Alichokiogopa ni kusahau. Kazi ile hula akili. Ukifika nyumbani hata jina lako unaulizwa mara mbili. Basi akakifunga kidonge chake na kengele ya chai. Kengele ikilia, kidonge kinashuka. Ikawa desturi kama kuvaa viatu. Hakuruka hata siku aliyokuwa na homa. Ukitaka kujua mwanamke jasiri anafananaje, usitafute mbali: yule pale, anameza kitu kinachomtapisha, kila siku, bila mtu wa kumpigia makofi.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Mikono. Mikono naye alikuwa mjamzito, ila Kola peke yake ndiye aliyeambiwa. Mikataba ya pale ilikuwa ya muda mfupi, na mwenye tumbo, mkataba wake ukiisha ndiyo umeisha. Tumbo la Kola lilikuwa limeshajitangaza lenyewe, na alishaambiwa kuwa mkataba huu ndio wa mwisho. La Mikono lilikuwa bado linafichika chini ya aproni. Binti alikuwa anatapika asubuhi, kwa hiyo Kola akamfundisha: "Wewe kimeze na chai ya alasiri. Funga na kengele, hutasahau kamwe."

Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya Kola ya kliniki. Alimfuata msimamizi mezani kwake.

"Bosi, nilikuomba ruhusa tangu wiki iliyopita."

"Kliniki tena? Wewe Kola, unazaa mtoto mmoja au shule nzima?"

"Mmoja tu, bosi. Nikirudi nitafidia."

"Nani atashona kola ukiwa huko?"

"Nimeshashona za kutosha mpaka nirudi. Zile pale."

Msimamizi aligeuka akaona lundo la kola limefika kifuani. Kola alikuwa amelijenga tangu juzi, akikata muda wake wa kula. Alizihesabu za juu kwa kidole, akakunja uso. "Chai ya alasiri ikukute hapa," alisema.

Kliniki foleni ilianzia nje, kwenye jua. Zamu ya Kola ilipofika, nesi alimvuta ukope wa chini, akatazama, akamtoboa kidole. Alipogeuka kutoka kwenye kipimo uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, damu yako haijapanda. Iko palepale."

Kola akakitazama kidole chake. "Haiwezekani."

"Inawezekana. Nyinyi mnachukua dawa hapa, mnaenda kutupa. Halafu mkifia leba tunasemwa sisi." Nesi hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye benchi la nje. "Ikibaki hivi huzalii hapa. Nitakupeleka hospitali kubwa, na uende na watu wa kukutolea damu."

"Nesi, mimi sijaruka hata siku moja." Hakuwa amelia mbele ya msimamizi wala mbele ya mama mkwe, lakini pale machozi yakamtoka, maana hakuna kinachouma kama kuitwa mwongo kwenye jambo ulilolifanya kwa moyo wote. "Nimetapika nikameza kingine. Mama mkwe amenisema nikameza. Kila siku kengele ya saa nne ikilia, nameza. Waulize wenzangu."

"Kengele gani?"

"Ya chai. Kazini."

Nesi aliweka kalamu chini. "Unameza na chai?"

"Sasa na nini tena?"

Nesi alisukuma kipimo pembeni. Kisha akavuta kiti karibu, na sauti yake ikashuka. "Chai inaizuia ile dawa, mama. Yale madini ya damu hayaingii mwilini vizuri, mengi yanapita tu. Meza na maji. Ukipata ndimu, kamulia kwenye maji. Chai ikae mbali, hata masaa mawili."

"Mbona hamkuwahi kuniambia?"

Nesi akatazama mlangoni, kule foleni ilikokuwa ikisogea na kujipanga upya. "Niko peke yangu," alisema. "Vidonge tunavitoa dirishani. Nimshike kila mmoja nimweleze saa ngapi?" Akamfunga kidole kwa pamba. "Muda bado upo. Wewe mwenye nidhamu hivi, itapanda. Wengine hata kumeza hawamezi. Nisamehe kwa maneno yangu."

Kola alishukuru, akachukua pakiti, akatoka. Hakumchukia nesi. Alifika nusu ya njia ndipo alipomkumbuka Mikono. Yule binti alikuwa anameza kila alasiri na chai, kwa utiifu, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha. Akaongeza mwendo, mkono mmoja chini ya tumbo.

Aliingia kiwandani kengele ikiwa imeshalia. Msimamizi alimzuia mlangoni.

"Nilisema chai ikukute hapa."

"Nimekuja, bosi. Nipishe."

"Sikupishi. Kwanza nieleze."

Nyuma ya bega lake Kola aliliona toroli limefika kwa Mikono. Binti alikuwa ameshika kikombe kwa mkono mmoja, na mwingine umeingia mfukoni mwa aproni. Cherehani zilikuwa zimesimama kwa ajili ya chai. Ukumbi wote ulikuwa kimya. Kola hakufikiri. Alipaza sauti:

"Jamani! Dawa ya damu msimeze na chai! Chai inaizuia, haifanyi kazi! Mezeni na maji!"

Mkono wa Mikono ukaganda mfukoni. Msimamizi akageuka taratibu kuutazama mstari. Hakuwa mjinga.

"Unamwambia nani?" aliuliza. "Nani mwingine humu anakunywa dawa ya damu?"

Hapo ndipo Kola alipoona alichofanya. Wanawake waliinamisha macho, wote kwa pamoja, na aliyekuwa na siri na asiyekuwa nayo. Msimamizi alianza kutembea kando ya meza, akitazama aproni moja baada ya nyingine. Alibakiza meza mbili amfikie Mikono.

"Mimi," ilisema sauti kutoka kwenye mvuke.

Msimamizi akasimama. "Bibi?"

"Ndiyo. Nina upungufu wa damu." Bibi wa Pasi aliweka pasi wima, akafuta jasho. "Au damu ni ya vijana peke yao? Kola, mwanangu, umesema na maji?"

"Na maji, bibi. Na ndimu kama ipo."

"Na chai ya maziwa je?" aliuliza mwanamke wa vifungo.

"Hata ya maziwa. Ikae mbali."

"Na kahawa?" Huyu alikuwa wa mifuko.

"Kahawa ni ileile."

"Mimi nameza usiku," Mkasi alisema, akijikuna ndevu. "Usiku inafaa?"

Kicheko kilipasuka mstari mzima. Hata msukuma toroli aliinama akicheka. Msimamizi alitazama ndevu, akatazama mvi, akatazama wanawake thelathini wanaomtazama usoni bila kupepesa, na kila mmoja wao sasa alikuwa mgonjwa wa damu.

Kelele zilipopungua, Mikono naye akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia habari za wengine.

"Na mtu kama alikuwa anameza na chai siku zote?"

"Asijilaumu," Kola alisema. "Aliyemfundisha ndiye aliyekosea. Na hajachelewa. Aanze leo."

"Kazini!" msimamizi alipiga kelele. "Kazini wote! Kola, mshahara wako wa leo ni nusu!"

"Sawa, bosi," alisema Kola, akapita.

Cherehani zikanguruma. Mikono aliinuka bila kuomba ruhusa, akaenda bombani nje, na mashati yasiyo na mikono yakaanza kurundikana. Mwanamke wa vifungo akaacha vyake, akakaa kwenye kiti cha binti na kuendelea pale alipoishia. Msimamizi aliona, akajifanya anahesabu majora ya vitambaa. Toroli lilirudi jikoni na vikombe vimejaa, na mpika chai akaonja kimoja kuona kama amesahau sukari.