Hodi ya Lambert

Lambert hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwake. Gari lilimpigia. Kila alipofika getini pale Rosettenville, Johannesburg, alikanyaga mafuta mara mbili, na lile gari lake jekundu la Kiitaliano, la milango miwili, lililomzidi umri mke wake, likanguruma mpaka mbwa wa jirani yao Mreno wakakimbilia uvunguni. Jeannine, mkewe, aliacha mshono kwenye cherehani akaenda kupakua bukari, ule ugali wa kwao Kongo. "Karibu, Papa!" alipaza sauti kutoka jikoni, geti lenyewe halijafunguliwa. Majirani wakaupa mngurumo ule jina: hodi ya Lambert.

Lambert alifariki mwaka 2015. Gari likabaki gerejini chini ya shuka, injini ikala kutu mpaka ikakwama. Na Jeannine, mwanamke aliyeondoka Lubumbashi bila kugeuka nyuma, akajikuta kila jioni anatega sikio getini. Alijua mumewe haji tena. Sikio ndilo lililokuwa halijaambiwa.

Mapema mwaka 2019 binti yao Falonne, fundi wa lifti kwenye majengo ya Marshalltown, alilifunua lile gari. Falonne alizaliwa Joburg. Kiswahili anakisikia chote, ila akifungua mdomo hutoka Kiingereza. Basi kwa Kiingereza chake akamweleza mama yake kwamba injini ile imekufa, ataing'oa, na mahali pake ataweka "motor" mpya.

Hapo ndipo mambo yalipopinda. Kwa mtu wa Lubumbashi, motere ndiyo injini. Jeannine alichosikia ni kwamba gari la mumewe linapata injini mpya, basi. Falonne naye alimaanisha mota ya umeme, aliyoitoa kwenye foklifti mbovu, mashine ya kunyanyulia mizigo, ya ghala moja mjini. Mama na mwana, kila mmoja akaenda zake ameridhika kwamba wameelewana.

Miezi ile Jeannine alikuwa mtu mwingine. Alipeleka chai gerejini, akamulika tochi umeme ulipokatwa, na jinsi ulivyokuwa ukikatwa mwaka ule, tochi aliishika sana. Aliona betri zinapangwa pale palipokuwa na tangi la mafuta, asiulize. Gari gani halina betri? Kanisani, kwenye jengo lao kuukuu katikati ya jiji, akawatambia akina mama wa kwaya: "Siku itawaka, mutaisikia mpaka huku."

Wala hakuwa na tamaa kubwa. Alitaka mara moja tu asimame jikoni, asikie gari linanguruma mara mbili getini, adanganyike kwa muda wa kupakua sahani moja. Alimtamani mumewe hivyo, kwa masikio.

Jumamosi moja mchana Falonne akamwita. Jeannine alitoka amejifunga kile kitenge alichokipenda Lambert. Binti akaketi, akageuza ufunguo. Kimya.

"Washa, basi," Jeannine akasema.

Falonne akacheka, na gari likatoka gerejini polepole, utadhani kuna mtu analisukuma. Cherehani ya Jeannine ilikuwa na kelele kulishinda.

"Motere iko wapi?"

"Ndiyo hii, Mama. Ya umeme," Falonne akajibu kwa Kiingereza. "Haina moshi, haina kelele." Hilo la mwisho alilisema kwa majivuno.

Jeannine akakaa kizingitini. Machozi hayakungoja ruhusa. "Umenizimia baba yako mara ya pili," akasema. "Ile ilikuwa hodi yake, Falonne. Miaka hii yote niko nangojea hodi."

 Falonne aligeuza gari, akatoka nje ya geti, akakata kona bila hata mlio wa kuagia.

Jeannine akarudi jikoni akabandika maji ya bukari, maana hasira haijawahi kumshibisha mtu. Akasonga ameipa barabara mgongo. Hakusikia kitu, na kutosikia kule kulimuuma kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ile bado alikuwa na gari la kutumainia.

"Odi!"

Mwiko ukasimama. Sauti ilitoka getini, nayo ilibisha hodi kama wanavyobisha watu wa Lubumbashi, bila ile herufi ya mbele. Ilikuwa sauti ya Falonne, ambaye hajawahi kulitamka neno hilo tangu azaliwe.

"Odi!" Mara ya pili, kwa nguvu zaidi, mpaka mbwa wa Mreno wakaanza kubweka. Mara mbili, kama baba yake, na sasa alikuwa anangoja kujibiwa.

 Jibu la Jeannine lilikuwa limelala tangu Lambert alipokwenda. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akalisema kwanza chini chini, kulijaribu, kisha akalipaza mpaka likafika barabarani.

"Karibu, Mama! Ingia, bukari iko tayari."