Barabara ya Kupita Magimbini

Eslin alikaa nje ya ukumbi wa kijiji, mgongo ameupa mlango, kwa sababu ndani alikuwamo kaka yake, Garae, mwenyekiti wa kijiji. Tangu alipovunja ungo hakupata kumsemesha wala kula mbele yake. Ndiyo heshima ya kaka na dada kisiwani Maewo. Neno lolote la ndugu hao wawili hupitia kwa Merelin, mke wa Garae.

Na siku hiyo neno lilikuwapo. Mstari wa barabara mpya, kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, ulikata katikati ya vidimbwi vya magimbi alivyorithi Eslin kwa mama yake, ambavyo ndivyo vilivyomlisha tangu afiwe na mumewe.

"Wifi, waambie waipandishe kidogo, ipite kwenye ile minazi iliyozeeka," alinong'ona.

Merelin akaingia. Mkutano uliongozwa na Kelson, kijana wa mradi wa barabara kutoka Vila, mji mkuu, aliyekwisha kuapa kwamba mpango huu utatoka vinywani mwa wanakijiji wenyewe.

"Wifi yangu anasema..."

"Hapana, mama," Kelson alimkatiza kwa upole. "Wanawake wamesemewa vya kutosha. Yuko wapi? Aje aseme mwenyewe."

"Hawezi, mwanangu," akadakia bibi mmoja. "Mwenyekiti ni kaka yake. Au ninyi huko mjini mnakodoleana macho na dada zenu kama majogoo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kelson naye akacheka.

"Dada zangu mimi wananifokea kutwa, bibi! Lakini leo hapa hakuna kaka wala dada. Muiteni."

Eslin alifika kizingitini ameinama. Aliiona miguu ya Garae chini ya meza, na maneno yote yakamkauka. Garae naye aligeukia dirishani, kama impasavyo kaka.

"Una pingamizi, mama? Usiogope."

Eslin akarudi kinyumenyume.

"Basi, hana pingamizi," Kelson akasema, naye alionekana kusikitika kweli. "Tuendelee."

Jioni Merelin alimkuta wifi yake topeni, maji yakimfika magotini, aking'oa magimbi machanga.

"Kaka yako anauliza kama umemkasirikia."

"Hata. Ila alijua vidimbwi ni vyangu. Mbona alinyamaza?"

"Neno lako halikumfikia, wifi, si nilikatizwa? Na mwenyekiti akitetea shamba la dada yake ilhali mwenyewe hakulalamika, watasema ameipinda barabara kwa ajili ya ukoo wake. Anataka akumegee shamba lake la mlimani."

"Kule ni mawe matupu. Magimbi haya hayaishi bila maji."

"Nimjibu nini, basi?"

Eslin aliosha gimbi moja, dogo kama ngumi ya mtoto, akalitupa kikapuni.

"Mwambie nashukuru."

Merelin alikunja gauni, akaingia topeni kumsaidia. Waling'oa mpaka giza likavificha vigingi vya wapima barabara.