Mfano Bora wa Mtu Aliyeridhika

...kwa hiyo sasa maneno yana ujirani, haya, tumesikia, kila neno lina nyumba yake kwenye ramani na majirani zake wa kudumu, ndivyo anavyosema Mhandisi, bwana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, anachezesha kidoa chekundu cha taa yake ukutani, "shukrani" hapa, "kuridhika" pale karibu kabisa, "uzembe" kule pembeni peke yake, na Mkurugenzi wa hospitali anatikisa kichwa kama mtu anayeonyeshwa mipaka ya kiwanja chake, na Mwalimu, ambaye ofisi nzima inamwita hivyo ingawa aliacha chaki miaka mitatu iliyopita akaja kusoma barua za wagonjwa kwenye kitengo cha maoni, anajiuliza ni nani aliyekwenda kuuliza kama majirani hao wanasalimiana, maana yeye alifundisha lugha miaka kumi na miwili na anajua vizuri kwamba mtu anaweza kukushukuru huku ameuma meno, anaweza kukushukuru kwa kukuogopa tu, au kwa sababu mgonjwa wake bado yuko mikononi mwako na sindano unayo wewe, lakini nenda kamwambie hayo Mhandisi, atakuuliza, sawa, tuyaandikeje kwa tarakimu... kwake yeye barua haisomwi, inapimwa, inageuzwa safu ya tarakimu, halafu programu inasema huyu ameridhika, huyu hajaridhika, huyu yuko katikati, barua elfu nne kwa muda wa kupiga chafya mbili, na kuanzia Jumatatu itafanya hivyo kwa hospitali zote kumi na saba, bila Mwalimu, bila Miwani mwenzake, bila jicho la binadamu yeyote, tunawashukuru kwa mchango wenu, mtapangiwa shughuli nyingine, kilemba cha ukoka hicho, wamevishwa wote wawili asubuhi hii kabla hata hawajakaa vizuri kwenye viti, na sasa inazunguka fomu ya kuthibitisha alama zao zilizoifundisha programu, imeshampitia Miwani, ametia saini bila hata kuinama vizuri, anaisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, "haya, Mwalimu, zamu yako tuondoke zetu," ananong'ona, na Mwalimu anaisoma, mimi niliyetia saini hapa chini nathibitisha kwamba barua zote nilizopangiwa nilizisoma kikamilifu na kuziwekea alama kwa haki... kikamilifu, eti, kalamu iko mkononi, kifuniko kimeshatoka, ni kuandika tu, lakini kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo kule pembeni, to, to, na kila tone linamkatiza, na Mhandisi anasema, "Sasa niwaonyeshe mfano bora wa mtu aliyeridhika."

Ukutani inatokea barua, ndefu, imejaza ukuta wote, na maneno yaliyoivuta programu yamepakwa kijani, shukrani, kijani, pongezi, kijani, upole, kijani, usafi, kijani tupu huko juu kama bustani iliyomwagiliwa, na kadiri unavyoshuka rangi inafifia mpaka chini kabisa maandishi yamebaki ya kijivu, hayo hayana uzito, anaeleza Mhandisi, programu imeyaona lakini hayakubadilisha kitu, "imeipa asilimia tisini na saba, na raha yenyewe ni kwamba wasomaji wetu wawili nao walisema ameridhika," na Mkurugenzi anasema safi sana, na Mwalimu anaangalia kwa uvivu tu, kwa jicho la mtu aliyesoma barua za namna hii mpaka zikamtoka puani, 1. Awali ya yote, kwa unyenyekevu uliotukuka, natoa shukrani kwa uongozi mzima wa hospitali kwa kumpokea mke wangu, Bi. FULANI, maana majina yote karani huyafuta na kuweka FULANI kabla barua hazijawafikia wasomaji, 2. Aidha nampongeza muuguzi wa zamu ya asubuhi kwa lugha yake ya upole, 3. Usafi wa sakafu na madirisha... na kitu kinamgusa kifuani, taratibu, hajakijua bado, ni hizo namba, nani anayehesabu aya zake siku hizi, nani katika dunia hii bado anaandika aidha, nani anasifu madirisha, kwa unyenyekevu uliotukuka... mtu aliyekuwa karani wa ofisi ya ardhi miaka thelathini na mmoja, huyo ndiye, aliyekuwa akimkalisha mezani akiwa darasa la tano na kumwambia, mwanangu, barua ni kubisha hodi, unaanza na shukrani ili mwenye nyumba asikufungie mlango, ukishakaribishwa ndiyo unasema kilichokuleta, na usiseme kwa makelele... baba, ni barua ya baba, baba aliandika, hakumwambia, mama alilazwa humu humu wodi ya chini, wiki mbili na siku mbili, Mwalimu akiwa ghorofa mbili juu yake anabonyeza alama, anashuka jioni na chupa ya uji, anauliza mama unaendeleaje, mama anasema naendelea vizuri mwanangu, wananiangalia vizuri, shuka limevutwa mpaka kifuani, na yeye anaridhika, anambusu, anarudi nyumbani, hakuinua shuka, mtoto gani haliinui shuka la mama yake, kulikuwa na harufu, ndiyo ilikuwepo, akasema moyoni hospitali ndivyo zinavyonuka... "Mwalimu," Miwani anamgusa kiwiko, "saini bwana."

Na Mhandisi, ambaye hana habari na lolote, anasogeza kidoa chake chekundu mpaka kona ya chini, "hapa mnaona wasomaji, M2 na M5, wamekubaliana, na muda waliotumia," na Mwalimu hahitaji kuambiwa M2 ni nani, ameingia kwenye kompyuta kwa herufi hiyo na tarakimu hiyo kila asubuhi kwa miaka mitatu, M5 ni Miwani, na pembeni ya M2 pameandikwa sekunde kumi na moja... kumi na moja, kurasa mbili za baba kwa sekunde kumi na moja, na hata hapo usishangae, anajua zilikwendaje, kompyuta yao ilikuwa inaonyesha mistari ya mwanzo tu, halafu kuna kitufe, Endelea, ukitaka kilichobaki unabonyeza, na mwezi wa kwanza alikuwa anabonyeza, Mungu ni shahidi, alibonyeza mpaka kidole kikauma, akasoma mpaka nukta ya mwisho, na ndiyo mwezi ambao yeye na Miwani hawakupatana hata kidogo, yeye anasema huyu analalamika, Miwani anasema huyu anashukuru, na ofisi ilikuwa inapima jambo moja tu, wasomaji wawili wanakubaliana mara ngapi, chini ya tisa katika kumi mnaitwa, mnaulizwa kuna shida gani, mbona nyinyi peke yenu, hadi siku ile ya mapumziko ya mchana wakiwa wamekaa kwenye ngazi za dharura wakala njama, ndiyo, njama, usiipambe, Miwani alisema, "Mwenzangu, tusiumizane vichwa, ikianza na asante tuipeleke Ameridhika, basi," naye Mwalimu akacheka, akasema basi, akaona ni akili kabisa, na makubaliano yao yakapanda mpaka tisini na sita, wakabandikwa ubaoni na picha zao, wasomaji wa mwezi, Miwani katabasamu na yeye katabasamu... na zile za Hajaridhika zilikuwa zinashuka kwa mkuu wa wauguzi siku hiyohiyo, mchana huohuo, huo ndio ulikuwa utaratibu, na huyo mama hakuwa na mchezo, akiletewa karatasi alikuwa anasimama kutoka kwenye kiti chake na kwenda kitandani kwa mgonjwa kuona kwa macho, na zile za Ameridhika zilikuwa zinajibiwa na kompyuta kwa ujumbe wa simu, tumefurahi kusikia kwamba umeridhika na huduma zetu, karibu tena... karibu tena, na yeye mwenyewe ndiye aliyeusahihisha ujumbe huo, uliandikwa vibaya, akaunyoosha, akasifiwa, kwa hiyo baba aliketi kwenye benchi la wodi, simu ikalia, akavaa miwani yake ya kusomea, akasoma Kiswahili safi cha binti yake.

Wiki iliyofuata mguu wa mama ulikatwa chini ya goti, kidonda kilikuwa kimekula mpaka mfupani, daktari alisema mngewahi kidogo tu, na Mwalimu alimfokea muuguzi mmoja kwenye korido, tena mbele ya watu, akamwambia nyinyi hamna macho... na baba alisimama hapo na kofia yake mkononi, halafu siku nyingine nyumbani, mama ameshazoea kile kiti cha magurudumu, au anasema ameshazoea, baba akauliza huku akimenya chungwa, "Hivi zile barua, mwanangu, mnazisoma zote?" naye akajibu, tena kwa maringo, "Zote, baba, kila moja inapita kwa watu wawili," na baba akasema vizuri, akaligawa chungwa, akampa mama nusu, basi, hakuuliza tena mpaka leo, na yeye alidhani mzee anatafuta mazungumzo... Anamtazama Mhandisi na kidoa chake, na chuki aliyokuja nayo asubuhi anaitafuta haioni, alikuwa ameipanga vizuri, alikuwa anataka kusimama mwishoni na kuwaambia hilo dude lenu halielewi kitu, halijui binadamu, na sasa ataanzaje, limeelewa, limeelewa kila kitu alicholifundisha, barua elfu sita za M2 limezimeza na kuzishika moja baada ya nyingine, ikianza na asante basi, katika miaka yake kumi na miwili ya chaki hakupata mwanafunzi aliyemwiga hivyo, hakuna aliyemsikiliza kwa makini kiasi hicho, na Jumatatu litakwenda kwenye hospitali kumi na saba kufanya sekunde zake kumi na moja kwa mama za watu... Miwani anamtazama, ameanza kuwa na wasiwasi, naye Miwani ana watoto watatu na mkataba mpya wa shughuli nyingine, Mwalimu akisema leo amesema kwa niaba ya wote wawili, hakuna njia ya kujitaja yeye peke yake, "vipi, unaumwa?" na Mwalimu anasogeza kiti mbele, anakaza macho chini ya kijani, kwenye kijivu, kule kusiko na uzito, herufi zinaonekana kwa taabu, anazifuata moja moja, 4. Pamoja na shukrani hizo, naomba kudokeza kwamba bandeji ya mguu wa mgonjwa wangu leo ni siku ya nne haijabadilishwa, na harufu imeanza, 5. Naomba, kama haitakuwa usumbufu, daktari auone mguu huo kabla ya Ijumaa, mgonjwa mwenyewe anaona haya kusema, hata kwa watoto wake, 6. Mwisho, binti yangu ni mmoja wa wasomaji wa barua hizi. Sikumweleza jambo hili isije ikaonekana natafuta upendeleo. Ikimfikia, nina hakika ataisoma mpaka mwisho, kama anavyozisoma za watu wengine... na chini yake saini, imefutwa, FULANI, na maji yanadondoka kwenye ndoo, na fomu ipo palepale mbele yake, mstari wa M2 mtupu, wino umeshaanza kukauka kwenye ncha ya kalamu, na Mhandisi ameweka kidole kwenye kitufe cha kubadilisha ukurasa, anatabasamu kwa adabu, "Mwalimu, tunakusubiri wewe tu, tuendelee?" na anasikia sauti yake mwenyewe ikitoka ya chini, ya kawaida kabisa, "Hapana, iache hapohapo. Ndiyo kwanza naisoma."